Baiskeli ya kakake imekula kutu, nianzie wapi?

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Niko Kisauni, Mombasa, mama wa watoto wawili. Kuna baiskeli ya saizi 20 ya mwanangu wa kwanza, mwenyewe ashakuwa mrefu kwa hivo ilikaa uani nyuma ya tangi la maji kama miaka mitatu. Sasa mdogo wake ana miaka saba, kila siku ni "mama baiskeli, mama baiskeli". Juzi nimeitoa, cheni imeshikana, tairi zina nyufa, breki ya mbele haipo na ya nyuma waya umekatika. Fundi mmoja ananambia nitupe ninunue ya mtumba, jirani ananambia nipige rangi niweke na kengele mtoto atafurahi. Pesa sina za kununua vyote kwa mara moja. Nianzie wapi? (Mama wa wawili, Kisauni)

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Usiitupe, na rangi pia ngoja kwanza.

Kitu cha kwanza kabla hujatoa hata shilingi ni fremu. Igeuze baiskeli miguu juu, chukua bisibisi uchokoe pale ekseli ya pedali inapopita kwenye fremu, halafu uchokoe kwenye foki ya mbele (ile panda inayoshika gurudumu la mbele), kote palipounganishwa kwa welding. Maji ya mvua hujificha pale chini na huku kwetu hewa yenyewe ina chumvi, kwa hivo chuma huoza kutoka ndani huku nje kinaonekana kizima. Bisibisi ikizama au chuma kikimeguka, au ukiona ufa, hapo yule fundi wako amesema kweli, achana nayo. Lakini kutu ya juu juu ambayo ukisugua na msasa unakuta chuma kigumu, hiyo si ugonjwa.

Fremu ikiwa salama, pesa ya kwanza yote iende kwa breki. Nasema hivi manake nshaona. Mpwa wangu tulimfufulia baiskeli kama hii yako, tukaweka kila kitu kipya, na ile mikono ya breki tukachukua ya baiskeli kubwa kwa vile ilikuwepo tu nyumbani. Baada ya wiki kama mbili naingia kwao naona ndara zake mlangoni, ya kulia imeliwa pale mbele kwenye kidole gumba mpaka imekuwa kama karatasi, ya kushoto nzima. Nikamuuliza, akasema yeye husimama kwa mguu, breki ni mbali. Vidole havikuwa vikifika! Na mtoto hakusema chochote, alijua baiskeli ndo zilivo. Ile ndara bado naikumbuka mpaka leo.

Kwa hivo mkalishe mwanao kwenye kiti, ashike usukani, anyooshe vidole viwili tu ashike breki bila kuachilia usukani. Asipofika, mikono mingi huwa na skrubu ndogo karibu na pale inapojikunja, ukiikaza mkono unasogea ndani, na ikiwa haina basi ulizia mikono ya breki ya watoto. Waya nunua pamoja na ganda lake, usibadilishe waya ukaacha ganda la zamani manake kutu ya ndani ndo inayofanya breki iwe ngumu na mtoto hana nguvu za kuivuta. Weka matone mawili ya oili ndani kabla ya kupitisha. Raba za breki zikae sawasawa na rimu, zisiguse tairi hata kidogo. Na ukiwa na rimu za chuma zile za kung'aa, mwambie mtoto mapema kwamba zikilowa breki inashika kidogo sana, masika ya Aprili na Mei akiona njia imelowa apunguze mwendo au ashuke.

Baada ya breki ni tairi, na hapa watu wengi hupoteza pesa. Saizi 20 si moja. Futa vumbi ubavuni mwa tairi la zamani, utaona namba ndogo kama 47-406 au 50-406. Ile 406 ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye rimu, kwa milimita. Kuna 20 nyengine, nyembamba, ambayo ni 451 na hiyo ni kubwa kwa rimu yako, itapwaya tu. Muuza akikwambia "20 ni 20" mwonyeshe namba. Tena usiende na namba ya kukariri, beba tairi lenyewe dukani, na ukienda kununua kitu chengine chochote beba kile kilichoharibika mkononi. Ukibadilisha tyubu angalia utepe ule unaofunika vichwa vya spoki ndani ya rimu, ukiwa umeoza vichwa hivyo vitatoboa tyubu mpya siku ya kwanza.

Cheni sasa. Azima rula ya inchi kwa fundi cherehani. Anza katikati ya pini moja, hesabu inchi 12, kwa cheni ambayo haijalika pini inaangukia 12 kamili. Ikipita kwa moja ya nane ya inchi imekwisha, na meno ya friwili (ile gia ya gurudumu la nyuma) huenda nayo yamechongoka, cheni mpya juu ya meno yaliyoliwa itaruka tu. Ya kwako kama imeshikana ilowekwe kwenye mafuta ya taa usiku mzima, mbali na watoto na moto, asubuhi uikunje pingili moja moja. Zinazobaki ngumu zikiwa nyingi, nunua mpya. Baiskeli isiyo na gia inachukua cheni pana, yenye gia nyembamba, mwambie muuza mapema. Na tafadhali usipake mafuta ya kupikia, yanageuka gundi na mchanga wote unakaa hapo.

Kiti shusha mpaka nyayo zifike chini akiwa amekaa. Rangi na kengele ni mwezi ujao, na kengele si mbaya hata kidogo, vichochoro vyetu tuktuk hutokea ghafla.

Akienda nayo ufukweni, mkirudi imwagie maji baridi ya mfereji, si ya chumvi ya kisima, ifute, tia oili cheni. Dakika tano hizo ndo zitaamua kama miaka mitatu ijayo itakuwepo.

SWALI: Fundi, pedali ya kushoto ya baiskeli ya binti yangu imekataa kufunguka, nimekaza mpaka spana imepinda. Ya kulia imetoka bila shida. Niikate? (Baba, Likoni)

JIBU: Usikate kaka, ulikuwa unaifunga. Pedali ya kushoto uzi wake wa skrubu ni kinyume. Simamisha spana ielekee juu, kisha uvute kuelekea tairi la nyuma, hiyo ni sawa kwa pedali zote mbili. Kwa vile umeshaikaza sana, tia oili usiku kucha kwanza. Na ukinunua mpya kuna unene aina mbili, nusu inchi na 9/16, za watoto nyingi ni nusu inchi lakini si zote, beba ile ya kulia. Kuifunga anza kwa vidole, ikikataa usilazimishe, utakula uzi wa krenki (ule mkono unaoshika pedali).

SWALI: Tyubu ni mpya, pancha hakuna, lakini upepo waisha kila asubuhi. Baiskeli ni ya zamani ya kina babu. (Mji wa Kale)

JIBU: Hizo valvu za zamani zina kijiraba chembamba ndani, kama mrija. Fungua, kivute, ukikuta kimepasuka weka chengine, ni kitu kidogo sana. Kabla ya hapo paka povu la sabuni juu ya valvu, likitoa mapovu ndo hapo.