Baiskeli ya tairi nene au mountain bike ya kawaida?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Naishi Paje, mountain bike yangu nikiingia nayo ufukweni inazama mchangani nashuka nasukuma. Ninunue ile ya matairi manene?

JIBU: Ndugu yangu, kama kila siku ni ufukweni nunua, ila kama unaenda barabarani zaidi utachoka bure, nzito ile. Tairi ya kawaida ina upana wa inchi 2 na kidogo, nene inaanzia kama 3.8 hadi 5, lakini kinachobeba kazi hasa ni upepo, watu wanajaza mpaka tairi ngumu kama jiwe halafu wanalalamika inazama! Mchangani tairi nene ishushe mpaka psi 8 hivi (psi ni kipimo cha upepo wa tairi), ukibonyeza kwa dole gumba iingie ndani, hapo itatanda juu ya mchanga badala ya kuukata. Kwa njia za mawe na kona kali mi bado nachagua ya kawaida, inageuka haraka na ina shokapu mbele, nyingi za tairi nene hazina. Halafu subiri maji yakupwe, mchanga wa chini ule umeshikana, hata yako ya sasa ukiipunguza upepo kidogo inapita, jaribu hivyo kwanza kabla hujatoa hela. Ukirudi osha cheni kwa maji ya bomba uipake oili siku hiyohiyo, chumvi inakula chuma vibaya sana.