Kadi ya benki ya nyumbani inatoa hela Bangkok, ila makato yake myajue

Mwaka mzima mnaniuliza jambo lilelile kwa sauti tofauti: mtu mwenye akaunti ya benki Tanzania akishafika Thailand, hela yake anaipataje mkononi? Kaka anauliza kwa sababu mwanawe anakuja kusoma. Shangazi anauliza kwa mshangao, maana amesikia kwamba mimi niliye ughaibuni nasubiri pango la nyumba ya Tegeta liingie ndipo nami nilipe chumba changu huku. Ndiyo shangazi, nasubiri. Kazi yangu Silom, hapa Bangkok, ni kuchambua mawe ya vito, spineli za Mahenge na rubi za kwingine, na mshahara wake unanilisha. Chumba kinalipwa na Tegeta. Mnavyodhani kila aliye nje anatuma tu, basi jueni tupo wengi tunaovuta kutoka nyumbani, hatulitangazi tu.

Kadi inatoa, mradi iwe na nembo ya Visa au Mastercard na benki yako iwe imeifungulia matumizi ya nje. Ile yenye nembo ya UmojaSwitch, mtandao wa mashine za nyumbani, peke yake iacheni kwa mama, huku ni plastiki tu. Na kabla ya safari nendeni tawini mkaulize mambo mawili: kadi imefunguliwa kwa nje, na kwa siku inaruhusu kutoa kiasi gani ukiwa nje. Hilo la pili wengi hawaulizi. Mashine za kutolea hela za huku zinaweza kukupa baht 20,000 (baht ndiyo fedha ya Thailand), nyingine hadi 30,000 kwa mara moja, lakini benki ya nyumbani ikiwa imekuwekea ukomo mdogo zaidi, mashine itakukatalia bila kukueleza sababu, na utadhani huna salio.

Sasa makato. Wanaokata ni watatu, na kila mmoja anakata bila kumwangalia mwenzake.

Wa kwanza ni benki yenye mashine. Mwaka 2009 ndipo benki za Thailand zilipoanza kuwatoza wenye kadi za nje, kwa baht 150 kila wakitoa. Imepanda na kupanda, na kwa miaka mingi sasa ni baht 220, kwingine zaidi. Baht moja ni kama shilingi 75 hadi 80 za kwetu, kwa hiyo hapo ni karibu shilingi 17,000 kabla hujagusa noti. Usizunguke kutafuta mashine ya bure. Ya zambarau, ya kijani, ya njano, ya bluu, zote zinatoza. Tozo haiangalii unachukua kiasi gani: ukitoa baht 2,000 umeliwa asilimia 11, ukitoa 20,000 umeliwa asilimia moja na kidogo. Kwa hiyo zile tabia za nyumbani za kutoa elfu ishirini leo na elfu thelathini kesho kutwa, ziacheni uwanja wa Julius Nyerere. Huku unatoa mara moja, nyingi, unazifungia chumbani, unatembea na kidogo.

Wa pili na wa tatu wako pamoja na ni vigumu kuwaona. Mtandao wa kadi, yaani Visa au Mastercard, unabadilisha fedha kwa kiwango chake, ambacho kwa kweli si kibaya, kisha benki ya nyumbani inaongeza asilimia yake na ada yake. Akaunti ikiwa ya shilingi, hela inatoka shilingi kwenda dola, dola kwenda baht, na kila hatua inapungua. Ndiyo maana namsihi kaka amfungulie kijana akaunti ya dola mapema, na aijaze taratibu. Asingoje wiki ya safari. Mnakumbuka 2023 na 2024 dola zilivyoadimika nyumbani, mtu ana shilingi zake halali na dola anaambiwa arudi wiki ijayo.

Kuna mkato mwingine wa nne, ila huu mnaukataa wenyewe kwa kidole. Ukishaweka namba ya siri na kiasi, mashine inakuonyesha tozo ya 220, unakubali, huna ujanja. Halafu inakuja skrini nyingine yenye sura ya msaada: inakuandikia ni dola ngapi au shilingi ngapi zitakatwa nyumbani, na kiwango kimeshapangwa, na inakuuliza kama unakubali ubadilishaji huo. Kitufe cha kukubali kimewekwa pale kidole kinapopenda kwenda. Kataa. Chagua kile cha kuendelea bila ubadilishaji. Watu wanaogopa kwamba wakikataa hela haitatoka. Inatoka, na inatoka kwa kiwango cha mtandao wa kadi badala ya kile cha mashine, ambacho kinaweza kukugharimu asilimia 5 au zaidi juu ya yote niliyokwisha kutaja. Skrini hiyohiyo inakuja pia dukani na hotelini ukilipa kwa kadi. Jibu ni lilelile: lipa kwa baht.

Halafu kadi. Nyumbani tumezoea mashine itoe kadi kwanza, uichukue, ndipo hela zitoke. Huku mashine nyingi zinatoa hela kwanza, kisha zinakuuliza kama unataka huduma nyingine, kadi inakuja mwisho. Mswahili akishahesabu noti zake ameshageuka, yuko njiani kwenye wali wa kuku. Mashine inasubiri kidogo, inaimeza. Na kadi ya benki ya nje ikimezwa si rahisi kurudishiwa palepale, mara nyingi haikurudii kabisa, na kupata nyingine kutoka Dar ni hadithi ya wiki kadhaa na ndugu wa kukubebea. Ndiyo maana natoa hela kwenye mashine iliyo ukutani mwa tawi, tena saa za kazi. Matawi yaliyo ndani ya maduka makubwa hufunguliwa hadi jioni na hata Jumapili, kwa hiyo hilo si taabu. Na njoo na kadi mbili, za benki mbili, zikae mahali pawili.

Jambo dogo ambalo litakusaidia kuliko unavyodhani: usitoe baht 20,000 kamili. Toa 19,900. Ukitoa elfu ishirini unapewa noti za elfu tupu, na saa moja asubuhi mama wa wali anayeuza sahani kwa baht 50 hataki kuiona noti hiyo, wala kijana wa pikipiki mwenye kizibao cha rangi ya chungwa. Ukitoa 19,900 mashine inalazimika kukupa za mia tano na mia. Ukibaki na elfu tupu, ingia duka la 7-Eleven, nunua maji, hawanuni.

Mtaniuliza, si mnasema Thailand kila kitu ni simu? Ni kweli. Tangu 2017 wana PromptPay, mfumo wa kulipana kwa simu kutoka akaunti ya benki, na kila kibanda, hata cha ndizi za kuchoma, kimebandika QR. Mtai anaskani, sauti inalia kwenye kibanda kwamba hela imeingia, kwisha. Sasa wewe na M-Pesa yako ya Vodacom, au programu ya benki ya Dar, huwezi kuiskani hiyo. Hakuna wakala, hakuna namba ya lipa. Bila akaunti ya benki ya huku wewe ni mtu wa noti, na mjini unajikuta peke yako unayehesabu sarafu kwenye foleni. Ingawa Septemba 2025 mambo yaligeuka kidogo: benki na polisi walifungia akaunti nyingi katika msako wa matapeli, na wafanyabiashara wengi wasio na hatia wakakuta hela zao zimezuiwa. Baadhi wakaanza kukataa QR na kutaka noti. Sisi wenye noti tulipendwa ghafla.

Mji wa Chanthaburi, kwenye soko la vito la mwisho wa wiki, noti haijawahi kuondoka. Mnunuzi anakaa mezani, madalali wanapita na vifurushi vyao vya karatasi, bei inaandikwa, inafutwa, inaandikwa tena, na wakikubaliana zinahesabiwa noti za elfu mbele ya watu. Wamo Waguinea na Wamali waliozoea soko lile kuliko mimi. Hapo kadi yako ya nyumbani itoe tu ukiwa na joto, ujipepee.

Kwa hiyo lengo la anayekuja kukaa ni kufungua akaunti ya Thailand. Mwenye viza ya utalii asiitegemee. Mwenye kibali cha kazi ana njia, mwanafunzi ana njia pia akiwa na barua ya chuo na uthibitisho wa anwani, lakini kila tawi lina sheria zake: hapa wanakataa, mtaa wa pili wanakupa kitabu cha akaunti na kadi kwa saa moja. Siku hizi wamekaza zaidi kwa sababu ya hao matapeli. Usigombane, sema asante, nenda tawi lingine, ikiwezekana na mtu wa chuo anayejua Kithai.

Lakini usikubali kutumia akaunti ya mtu, na usimpe mtu yako, hata akikuahidi baht elfu chache kwa mwezi. Sheria iliyotoka Machi 2023 inasema anayefungua au kuachia akaunti yake itumike na wengine katika utapeli anaweza kufungwa hadi miaka 3, au kupigwa faini hadi baht 300,000, au vyote. Vijana wageni nao hutafutwa kwa kazi hiyo. Vilevile ule mpango wetu wa kiswahiba, "nipe baht hapa, ndugu yangu atamlipa dada yako shilingi kule Dar", unarahisisha mambo kweli, nami naujua kama mnavyoujua. Kwa mtu mliyekua naye, utaamua mwenyewe. Kwa mtu uliyekutana naye kwenye kundi la simu, hela inayoingia kwako inaweza kuwa imeibwa kwa bibi mmoja huko Khon Kaen, na akaunti itakayofungiwa ni yako.

Ukishapata akaunti, hela ya nyumbani ije kwa uhamisho wa benki kwa benki, mara chache na kwa mafungu makubwa. Itumwe ikiwa dola, ibadilishwe huku. Benki nyingi za huku zinakata robo ya asilimia moja, si chini ya baht 200 na si zaidi ya 500. Benki ya nyumbani nayo itachukua ada yake ya kutuma. Kwa pango la miezi mitatu, ni nafuu kuliko mashine. Wise mnayoisikia, kampuni ya kutuma hela mtandaoni, inaleta hela Tanzania vizuri, lakini haianzi safari na shilingi, kwa hiyo kwa upande huu haitusaidii. Na shangazi, kwa kuwa ulitaka ukweli: tangu 1 Januari 2024, anayekaa Thailand siku 180 au zaidi kwa mwaka, kipato chake cha nje akikileta huku mamlaka ya mapato inakihesabu. Tegeta nayo imo.

Noti za dola bado zina heshima. Shilingi msibebe, ni kujitesa. Dola mia mia, mpya, zisizokunjwa wala kupigwa muhuri, zinapata kiwango kizuri kuliko za kumi na ishirini. Uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, mnaposhukia Bangkok, msibadilishe kwenye vidirisha vya ukumbi wa kuwasili. Shukeni hadi chini kabisa karibu na treni, kuna vibanda vyenye bei ya mjini. Mjini kwenyewe watu wanakwenda duka la kubadilisha fedha la SuperRich, barabara ya Ratchadamri. Pasipoti mkononi, si picha yake.

Laini ya simu ya nyumbani nayo isife. Benki inatuma namba ya uthibitisho kwenye laini hiyo, na laini isiyotumika kwa muda inafungwa na baadaye kupewa mtu mwingine. Kabla ya kuondoka washa huduma ya kutumia laini nje ya nchi, iweke nafasi ya pili kwenye simu, itie vocha mara mojamoja. Benki moja ya nyumbani ilinitaka niende tawini mwenyewe, kwa miguu yangu, kubadilisha namba. Nikawauliza tawi la Bangkok liko wapi.

Sasa wewe mwana wa kaka, unakuja mwezi wa tano. Kadi mbili, akaunti ya dola, na taslimu za mwezi wa kwanza. Afisa wa uhamiaji anaweza kukutaka umwonyeshe hela za kujikimu, na kiasi kinachotajwa ni thamani ya baht 20,000 kwa mtu mmoja. Wengi hawaulizwi, sisi wa pasipoti zetu tunaulizwa mara nyingi kuliko Wajerumani. Kwa hiyo mwambie bibi asizishonee kwenye pindo la suruali. Afisa akizitaka pale dirishani, utazifumua na nini, na mkasi walishakunyang'anya Dar?