Barua kwa mwanangu: ukiitwa redioni kuongelea sumukuvu

Mwanangu,

Nimeisikiliza tena voisi yako leo asubuhi nikiwa nimetulia, mama yako naye kasikiliza, anakusalimia sana na anauliza mbona hujasema kama kikohozi kimeisha. Haya, swali lako. Umesema ofisi imewapeleka semina ya mawasiliano, wataalamu wa habari wakawaambia kila mmoja ajijengee jina, aposti kila siku, awe na msimamo mkali ili watu wamuongelee, na we umetoka pale umechanganyikiwa maana kazi yako ni maabara na mahindi, alafu juu yake redio moja ya hapo Dodoma imekupigia inataka ukae studio ujibu maswali ya sumukuvu, ile sumu ya kuvu inayoingia kwenye mahindi na karanga, sasa unauliza, baba nijenge jina kwanza ndo niende, au niende tu hivi hivi?

Nenda mama. Jina litajengekea hukohuko.

Mi miaka yangu ya kazi nimeimalizia nyuma ya kioo cha studio nikitengeneza vipindi vya wakulima, kwa hiyo ngoja nikwambie mambo yanavyokwenda upande ule ambao nyie wataalamu hamuuoni. Prodyusa wa kipindi cha saa mbili asubuhi hana muda wa kuhesabu foloazi wa mtu. Habari imetoka jana jioni, mhariri anataka mtu wa kuielezea kesho asubuhi, basi anashika simu anaanza kupiga. Wa kwanza hapokei. Wa pili anasema andika barua kwa mkurugenzi. Wa tatu anapokea, anasikiliza swali mpaka mwisho, anasema hilo la bei ya mahindi sio langu, mtafute mtu wa masoko, ila ukitaka kujua kwanini mahindi yanaingia sumu niko tayari, niambie saa ngapi. Huyo wa tatu ndo anaandikwa kwenye daftari, na prodyusa akihamia redio nyingine anahama na daftari lake, akiulizwa na mwenzake wa gazeti anampa namba ileile. Hivyo ndivyo majina mengi unayoyasikia redioni yalivyopatikana, mtu alipokea simu, alieleweka, na alikataa kuongea yasiyo yake. Hilo la kukataa watu wanalidharau sana ila ndilo linalofanya mhariri akuamini, manake mtaalamu anayekubali kuongelea kila kitu, leo chanjo kesho mafuriko keshokutwa uchaguzi, siku akisema la fani yake nalo linapita tu.

Sasa ukae studio useme nini. Hapa nataka unisikilize vizuri kwa sababu najua mnavyofundishwa chuoni, mnaanza na historia ya kuvu, mnakuja kwenye majina ya Kilatini, mnamalizia na "utafiti zaidi unahitajika", na mtangazaji keshaangalia saa. Mtu anayekusikiliza hapo ana magunia yake ndani na anataka kujua ayafanyie nini leo jioni. Mwaka 1973 nilikuwa mwanafunzi, ikaja ile kampeni ya Mtu ni Afya kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam, wiki 12, watu karibu milioni 2 nchi nzima tumekaa kwenye vikundi tunasikiliza, kila kikundi na kiongozi wake na kitabu chake, kipindi kikiisha tunajadili na tunakubaliana la kufanya, kama ni choo kinachimbwa, kama ni madimbwi ya mbu yanafukiwa. Sauti za waliokuwa wanaongea wengi tumezisahau ila vyoo tulichimba. Mi kipimo changu cha mtaalamu redioni kimebaki hichohicho mpaka leo, nauliza akishaondoka studio kuna mtu atasimama afanye kitu?

Kwa hiyo anza na ile chupa ya chumvi uliyomwonyesha mama yako jikoni Desemba, ile kitu ni dhahabu kwa redio. Unachukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, unatia mahindi kama robo ya chupa, unaongeza kijiko cha chumvi kavu, unafunga, unatikisa dakika mbili tatu, unaacha itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu, rudisha juani. Chumvi ikiteremka yote chini, yamekauka vya kutosha kuwekwa ghalani. Hapo msikilizaji anaona kabisa kwa masikio, na vitu vyote viko jikoni kwake. Alafu hapohapo kabla mtangazaji hajadakia sema waziwazi kwamba chupa inapima unyevu, haipimi sumu, sumu yenyewe haionekani kwa macho, haiondoki kwa kupika wala kwa kukaanga, na inapimwa maabara. Usiliache hilo hata kidogo. Mtu akitoka na nusu ya maneno yako atamwambia jirani kapima mahindi yake ni salama, na jina lako litatajwa hapo.

Swali la pili litakalokuja, na hili nina hakika maana limekuja kila nilipomleta mtu wa nafaka studio, ni mahindi yaliyooza niwape kuku au nipikie pombe? Kuwa na jibu tayari. Kuku nao yanawadhuru, na ng'ombe akila sumu inapita kwenye maziwa yanaenda kwa mtoto, na kwenye pombe pia haitoki. Watu inawauma kutupa chakula, mwaka wenye njaa ndo inauma zaidi, kwa hiyo usilijibu kwa ukali. Waambie wachambue mapema, punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zenye ukungu, zitolewe kabla hazijachanganyika na nzima, ili kinachotupwa kiwe kidogo. Mwambie mkulima aanike kwenye turubai sio chini kwenye udongo. Mambo hayo unayajua kuliko mimi, mi nakupangia tu yatoke kwa mpangilio gani.

Na kitu ambacho sidhani kama semina iligusa, hapo Dodoma unaongea na watu waliofiwa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu wapatao 20 Dodoma na Manyara, wengine watoto, na familia zile zina redio. Ukisema "wananchi hawana elimu ya uhifadhi" unamwambia mama fulani kwamba mwanae kafa kwa ujinga wake. Usiseme hivyo hata kwa bahati mbaya. Wale watu walikula chakula chao walicholima wenyewe, hakina harufu ya tofauti wala ladha ya tofauti, na hakuna aliyewahi kuwaambia. Sema hivyo. Mtaalamu anayeheshimu msikilizaji watu wanamsamehe hata akikwama kwenye maneno.

Takwimu chukua chache sana. Kile kiwango cha juu cha sumu kinachoruhusiwa kwenye mahindi, sehemu 10 katika bilioni, kwa msikilizaji wa kawaida hakimsaidii, ila kama kwenye simu anaingia mfanyabiashara wa mahindi hapo kitoe, kwa sababu kwake hiyo ni hela. Mkumbushe Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yakakwama mpakani, na baada ya siku chache waliporuhusu tena wakataka mzigo uwe na cheti kinachoonyesha sumu haizidi hicho kiwango. Wakati ule kila chombo cha habari kilikuwa kinatafuta mtu wa kueleza sumukuvu ni nini kwa Kiswahili cha kueleweka, na wanasiasa ndo waliojaza nafasi, wengine wakageuza habari kuwa ugomvi wa nchi na nchi. Siku ya namna ile ikija tena nataka namba yako iwe kwenye daftari tayari.

Jinsi ya kujiandaa, sikupi mengi. Chukua simu yako, jirekodi ukijibu "sumukuvu ni nini" kwa nusu dakika, usikilize mwenyewe, kata kila neno ambalo bibi yako asingelielewa, rekodi tena. Mpigie prodyusa muulize ni laivu au wanarekodi, kuna mgeni mwingine, watapokea simu za wasikilizaji, utakuwa hewani muda gani. Ni haki yako kuuliza, na prodyusa anayejua kazi atafurahi. Usimwombe akupe maswali yote wala usome script kabla, hilo hawalikubali na halipendezi, lakini kwa mwandishi wa gazeti unaweza kumwambia nisomee tu zile namba ulizoandika tuhakikishe. Maikrofoni ikiwa mezani hesabu kwamba inarekodi, hata wakikwambia bado. Swali usilolijua sema sijui, na useme nani anajua. Na ongea taratibu, ukiwa na wasiwasi unaongea kwa kasi tangu uko darasa la nne.

Umegusia pia kwamba unaona aibu kwa sababu wakubwa wako wa idara ni wanaume na hawajaitwa wao. Sikiliza mwanangu, ule mradi wa dunia wa kufuatilia vyombo vya habari, wanaofanya kila baada ya miaka mitano tangu 1995, ule wa 2020 ulikuta wanawake ni robo tu ya watu wanaosikika na kuongelewa kwenye habari, na kwa wataalamu hali ni hiyohiyo. BBC wenyewe mwaka 2017 walianzisha utaratibu wa kuhesabu wageni wa kila kipindi wanawake wangapi wanaume wangapi, wakaanzia kwenye kipindi kimoja tu cha mtangazaji wao Ros Atkins, ndo ukasambaa. Na sisi kwenye vipindi vya wakulima ilikuwa inanikera sana, anayepalilia ni mama, anayevuna ni mama, anayeanika ni mama, alafu studio anakuja bwana na tai kumweleza. Kwa hiyo usiende kama mtu aliyeazimwa kiti. Ila kibali cha ofisi chukua, hapo usifanye mchezo, taasisi ya umma ina utaratibu wa nani ni msemaji, mwandikie mkuu wako ujumbe mfupi kwamba nimealikwa kueleza elimu ya sumukuvu na sio msimamo wa taasisi, upate jibu la maandishi, uende na amani.

Mtandaoni sasa. Kuposti kila siku mi sioni sababu, una kitu kipya cha kusema kila siku wewe? Chagua sehemu moja ambayo watu wako wapo. Waandishi na wafadhili watakutafuta LinkedIn, weka pale jina kamili, picha inayoonyesha sura, na mstari mmoja unaosema unafanya nini kwa Kiswahili na Kiingereza, "natafiti sumukuvu kwenye mahindi na karanga" inatosha kabisa, hayo mambo ya "mhamasishaji, kiongozi, mleta mabadiliko" ondoa. Wakulima wako WhatsApp, huko tengeneza klipu ya dakika moja ya ile chupa ya chumvi, itatembea yenyewe kutoka grupu hadi grupu, tena utaje jina lako na mwaka mwanzoni manake klipu ikishatoka mkononi mwako huna tena uwezo wa kuirudisha. Ukifikiria kufungua chaneli kabisa ya kurusha vipindi, soma kwanza kanuni za maudhui ya mtandaoni zinazosimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zile za 2020 zilizochukua nafasi ya za 2018, pamoja na marekebisho yake, kuna aina za maudhui zinazohitaji leseni.

Na msimamo mkali walioufundisha, huo acha kabisa. Kusema "mahindi ya sokoni yote ni sumu" kutakupa foloazi jioni hiyohiyo, na kesho yake mkulima wa Kibaigwa anashushiwa bei ya gunia kwa maneno yako. Hela nayo itakuja kwa milango miwili. Wa kwanza mtu atakwambia mpe mwandishi bahasha ili habari yako itoke, usitoe, mwandishi uliyemlipa atakuheshimu mpaka siku ya kulipwa na mwingine. Wa pili, na huu ndo mtamu, muuza mifuko au dawa ya nafaka atataka sura yako kwenye tangazo lake. Kataa kwa adabu. Mifuko isiyopitisha hewa inasaidia, sema hivyo redioni kama elimu, usitaje ya nani, kwa sababu siku ukipima mfuko wa yule aliyekulipa ukaukuta mbovu utasema nini, na nani atakuamini?

Wakikunukuu vibaya, na itatokea, piga simu siku hiyohiyo kwa aliyeandika kabla hujapiga kwa bosi wake, mwambie kosa liko mstari gani na sahihi ni ipi, wengi wanarekebisha bila ugomvi. Usimtangaze mtandaoni. Utamhitaji tena.

Nirekodie basi hiyo nusu dakika unitumie kabla hujaenda, nitakujibu kwa voisi. Niambie na saa ya kipindi, shangazi yako wa Kondoa naye anataka kusikiliza na ana magunia ya mwaka jana bado hajayafungua, mwambie mapema asiyaguse mpaka akusikie. Na umjibu mama yako kuhusu hicho kikohozi.

Baba yako