Kabari zangu nachonga mwenyewe, na sababu ninayo

Juzi kijana mmoja wa Mafinga kanitumia meseji, anasema shikamoo kaka, nimeona kwenye ile picha yako ya mkaratusi kuna vipande vya mti umevichomeka kwenye kisiki, vile unanunua duka gani? Nikamwambia zile ni kabari, unazigonga kwenye mkato nyuma ya mti ili usibane chenso na uinuke uangukie unakotaka, na sinunui, nachonga mwenyewe. Akashangaa sana, basi nikaona niandike hapa maana najua wengi mnaonisoma mnataka siku moja mmiliki chenso zenu muache ukibarua, kama mi nilivyotaka.

Ule mkaratusi ulikuwa umeegemea kidogo jiko la mama mmoja hapa Makambako. Mafundi wawili walishaukataa. Mi nimeulaza upande wa shamba, haujagusa hata bati moja, na nilikuwa na chenso, shoka na kabari nne basi. Yule mama alinishika mikono yote miwili akashindwa kuongea. Nasema ukweli, siku ile nilijisikia fundi.

Ila kuna mti ulinirudia, 2016, nikiwa naendesha mashine ya bosi. Mkaratusi kama huo huo, asubuhi hakuna upepo, nikakata mdomo, ile pengo ya upande mti unakotakiwa kuangukia, vizuri kabisa, nikaingia nyuma, nimefika nusu mti ukakaa chini ukaibana chenso, haitoki. Kabari sina. Tukatafuta miti mirefu tukaanza kusukuma watu watatu, upepo ukaja ukausukuma huku tulipo sisi, ile bawaba, yaani ule mti unaobakizwa katikati ya mdomo na mkato wa nyuma, ikakatika na mti ukaenda kulala juu ya banda la kuku la mwenye eneo. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu mpaka leo. Bosi alinikata mshahara wa miezi miwili na akapita anawaambia wateja kwamba mi nimebahatisha tu kazi. Mashine ilikuwa yake na kabari hakuwahi kununua hata moja, lakini jina lililochafuka ni langu. Bado inaniuma.

Baada ya hapo nikaenda kwa mhunzi akanitengenezea kabari ya chuma kwa springi ya gari. Ilikuwa nzuri, kali, siku ya pili cheni ikaigusa ndani ya mti, meno yote kwisha. Ndo nikahamia kwenye mti. Kabari ya mti cheni ikiigusa inaikata tu inapita, unachonga nyingine.

Sasa mti gani. Usichukue msindano, ni laini, unabonyea ukiugonga. Mi natumia mwati, huku Njombe umejaa tangu kampuni ya TANWAT waanze kuupanda 1949 kwa ajili ya magome. Tafuta kipande kilichonyooka kisicho na kifundo, ukipasue kwa shoka, usikichane kwa msumeno, maana shoka linafuata nyuzi na nyuzi zikienda moja kwa moja toka kichwani mpaka kwenye ncha kabari haipasuki kirahisi. Kianike kivulini mpaka kikauke kweli kweli, mi naweka juu ya jiko kwenye moshi miezi mitatu. Mbichi usitumie. Narudia, mbichi usitumie.

Yangu ina urefu wa sm 20, upana sm 6, unene wa kichwani sm 2.5 inapungua taratibu mpaka ncha. Ukiifanya nene ghafla itarudi nyuma kila ukigonga. Kona za kichwani zipunguze kwa tupa ndo kisichanue, na usiilainishe sana kwa msasa, inateleza inatoka, hasa kwenye mkaratusi wenye maji. Gonga kwa mgongo wa shoka au kwa gogo zito, nyundo kubwa ya chuma inaivunja.

Watu wanadharau hizo sm 2.5. Chukua mti wa mita 20, toka kwenye bawaba mpaka nyuma ya kisiki ni sm 40. Ukiinua nyuma sm 2.5, kilele kinasogea sm 125! Piga hesabu mwenyewe, 20 gawanya kwa 0.4 unapata 50. Ndo maana mti ulioegemea kidogo unarudi, na ulioegemea sana kabari haitoshi, hapo tafuta kamba na winchi au ukatae kazi.

Chomeka mapema, bapa la chenso likishazama ndani na nyuma yake pana nafasi weka ya kwanza, usisubiri mti ubane ndo ukumbuke. Weka mbili, gonga hii gonga ile, na bawaba ibakize kama sehemu moja ya kumi ya unene wa mti, ukiimaliza yote huna tena cha kuuongoza. Vijana mnakimbilia mashine kubwa na picha za kupost, kabari hamna, kofia ngumu hamna, alafu mnasema Mungu atalinda. Mungu kakupa mikono na mwati umejaa nyuma ya nyumba, chonga. Mkeo na watoto wanakusubiri jioni.

We kijana wa Mafinga, nimekutengea mbili zilizokauka, ukipita Makambako zichukue uanze nazo. Ila za kwako pasua wiki hii hii, hadi zikauke ni miezi mitatu.