Mzee Analalamikia Los Angeles, Mbona Haondoki?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mdogo wangu wa kiume yuko Los Angeles tangu mwaka jana, anasoma huku anafanya vibarua. Amepanga chumba kwa wazee wa Kikorea, mtu na mkewe, mtaa wa Koreatown. Kila akipiga simu ananisimulia malalamiko ya baba mwenye nyumba: jiji halina watu, majirani hawajuani, watoto hawana adabu. Na mzee mwenyewe yuko huko zaidi ya miaka arobaini! Mimi Wakorea nawajua kwenye tamthilia tu, wale wa maghorofa ya Seoul. Kama jiji ni baya hivyo, kwa nini harudi kwao? Na mdogo wangu aishi naye vipi? Najua wewe uliwahi kukaa huko. — Mama Wawili, Sinza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tamthilia tuziweke pembeni kwanza. Mzee huyo hakuiacha Seoul unayoiona kwenye runinga. Aliiacha Korea Kusini ya wanajeshi madarakani, ambako ikifika saa sita usiku kila mtu ndani. Amri hiyo ya kutotoka nje ilifutwa Januari 1982. Marekani nayo ilikuwa imefungua mlango kwa sheria ya uhamiaji ya 1965, iliyoondoa mgawo uliokuwa ukiwabana watu wa Asia. Wakaja kwa wingi, na wengi walikuwa watu waliosoma.

Nilifanya kazi kwa mzee wa aina hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Alikuwa na duka la nywele kusini mwa Los Angeles: mawigi, rasta, wivingi, mafuta ya kila rangi. Kwao Daegu, mji wa Korea Kusini, alikuwa mwalimu wa hesabu. Alipofika 1978 Los Angeles ikampa ufagio. Wakorea wa kule wana utani wao, kwamba kazi utakayoifanya Marekani ni ya yule aliyekuja kukupokea uwanja wa ndege. Bosi alipokewa na binamu anayefagia maofisi usiku, naye akafagia maofisi usiku, mpaka zamu ya mkewe ya kubeba mchezo ilipofika.

Ndiyo, mchezo, upatu wetu huu huu. Wao wanauita kye. Kina mama waliojuana kanisani wanachanga kila mwezi, mmoja anabeba. Kwenye ule wa mkewe, anayebeba mapema anachanga zaidi, na anayevumilia hadi mwisho anapata faida. Benki ilikuwa haimtaki mtu asiye na historia ya mkopo, tena Kiingereza chenyewe cha kuokoteza. Kina mama hawakuuliza historia. Walimjua mkewe na walijua anakaa benchi la ngapi. Duka lilitokana na pesa hiyo. Na kijumbe wa kukimbia na fedha za watu? Yupo huko pia, usidhani ni wa Mbagala peke yake.

Malalamiko ya Bosi niliyasikia kila siku nikiwa navalisha mawigi vichwa vya plastiki. Alisema siku ya kwanza alidhani kuna mapinduzi, maana barabara pana kama uwanja na hakuna hata mtu mmoja anayetembea kwa miguu. Alikereka kusikia kijana anamwita mtu mzima kwa jina lake tupu. Salamu za pale pia zilimshinda: mtu anakuuliza hali, wewe unajiandaa kujibu, yeye keshapita. (Hapo nilikuwa upande wake kabisa. Mimi nimezaliwa Temeke, salamu nisipoimaliza siku haiendi.) Jambo moja alilitaja mara chache, na sauti ilikuwa inashuka: binti yake wa darasa la tatu ndiye aliyekuwa akimsomea barua za kodi ya mapato na kumtafsiria kwa daktari. Mwalimu mzima anasubiri mtoto atoke shule ndipo ajue anaumwa nini.

Kuna mambo hakuyaelewa yeye, na mengine wateja hawakumwelewa. Wateja wetu karibu wote walikuwa Wamarekani weusi, na lalamiko lao lilikuwa moja: Mkorea huyu hacheki, hakutazami usoni, na chenji anaiweka juu ya kaunta badala ya kukupa mkononi. Kwa malezi ya Bosi, kumkazia macho mtu usiyemjua au kumgusa mkono mwanamke wa watu ni utovu wa adabu. Mimi niliyefundishwa kutomtolea macho mkubwa nilimwelewa. Lakini mteja hakuwa na wajibu wa kusomea adabu za Daegu ili anunue rasta. Yeye alikuwa na historia yake, ndefu, ya kudharauliwa madukani. Machi 1991 mwenye duka mmoja Mkorea alimpiga risasi na kumuua msichana mweusi wa miaka 15 katika ugomvi wa chupa ya juisi ya machungwa. Mahakama ikamtia hatiani mwenye duka yule, lakini hakupewa kifungo cha jela. Watu hawakusahau.

Halafu ikaja tarehe 29 Aprili 1992. Polisi walionaswa kwenye video wakimpiga Rodney King, Mmarekani mweusi, waliachiwa na baraza la mahakama, na jiji likawaka. Watu zaidi ya 60 walikufa. Maduka ya Wakorea yaliyochomwa au kuporwa yalizidi 2,000. Wakipiga simu polisi hawaji, ikabidi wasikilize redio ya Kikorea kujua moto umefika wapi, na wengine wakapanda juu ya mapaa na bunduki. Duka la Bosi lilipona, la binamu yake likabaki kuta. Kumbe hata bima aliyokuwa akilipia ilikuwa ya kampuni isiyo na leseni, haikulipa hata senti. Mpaka leo siku hiyo wanaitaja kwa tarakimu za tarehe yake tu, nne-mbili-tisa, bila kuongeza neno. Kama baba mwenye nyumba anafunga mlango kwa makufuli matatu, mdogo wako asimcheke.

Sasa, kwa nini harudi? Arudi wapi? Wanawe ni Wamarekani. Pale Koreatown anaweza kuishi kwa Kikorea tangu asubuhi mpaka usiku: benki, gazeti, kinyozi, daktari, kanisa lenye chakula cha mchana baada ya ibada. Akienda Seoul ndiko anakokuwa mgeni, wanamcheka anavyoongea Kikorea cha zamani. Sheria si kikwazo. Tangu 2011 Korea Kusini inamruhusu Mkorea wa miaka 65 na zaidi anayerudi kukaa kwao kuwa na uraia wa nchi mbili. (Sisi bado tunabishana.) Bosi aliijua sheria hiyo kifungu kwa kifungu. Bado yuko Los Angeles.

Na nikwambie ninavyoona mimi. Jiji alilokuwa akililalamikia hakuwahi kuliona. Alifungua duka saa tatu, akafunga saa mbili usiku, siku sita, Jumapili kanisani. Santa Monica, kwenye bahari, ni kama kilometa 20 tu kutoka kwake, na alikwenda pale mara ya kwanza mjukuu alipomng'ang'ania. Ni kama yule mwenye duka la jumla Kariakoo anayeijua Coco Beach kwa kusimuliwa. Los Angeles yake ilikuwa barabara ya kwenda dukani na kurudi, na barabara hiyo kweli inachosha. Kwa hiyo mdogo wako asilihukumu jiji kwa maneno ya mzee, wala asimwone mzee mwongo.

Kuishi naye ni rahisi kuliko unavyodhani, kwa sababu nusu ya masharti anayo tayari toka nyumbani. Viatu mlangoni. Amsalimie mzee kwanza, kwa kuinama kidogo. Kupokea kitu au kutoa kodi, mikono miwili. Akiulizwa umri na kama ameoa asione ni udaku. Bila kujua umri wako mzee hajui akuzungumzishe kwa lugha ya mkubwa au ya mtoto. Asiandike jina la mtu kwa wino mwekundu, hiyo kwao ni nuksi ya kifo, na asichomeke vijiti wima kwenye bakuli la wali. Zaidi ya yote, mzee akiiponda Marekani, asikilize tu. Siku atakayoiponda yeye, mzee ataitetea hadi usiku wa manane, na kesho yake chai itakuwa baridi.

SWALI: Nasikia Marekani maduka ya nywele za watu weusi yameshikwa na Wakorea. Ilikuwaje? — Msusi wa Mwananyamala

JIBU: Ilianza na mawigi. Miaka ya 1960 Korea Kusini ilikuwa maskini na ikauza mawigi nje kwa wingi, na katikati ya miaka hiyo Marekani ilipozuia nywele kutoka China ya kikomunisti, soko likawaangukia wao. Wahamiaji wakaanza kuyauza kwenye mitaa ya watu weusi, ambako maduka makubwa hayakutaka kufungua. Kisha mnyororo wote, kiwanda, wa jumla, wa rejareja, ukawa unaongea Kikorea, na asiyekijua hupata mzigo kwa shida au kwa bei mbaya. Wamarekani weusi wanalalamikia hilo, na wana haki. Wewe unayenunua Kariakoo unajua raha ya kuelewana na mwenye mzigo.

SWALI: Mwanangu Muislamu anakwenda kukaa na familia ya Kikorea huko huko. Atakula nini? — Baba wa Magomeni

JIBU: Wali hautakosekana, mboga pia, na samaki. Kimchi, kabichi yao iliyochachushwa kwa pilipili, mara nyingi huwa na dagaa kamba wa chumvi au mchuzi wa samaki, haina shida. Tatizo ni ile kimchi ikishageuzwa mchuzi wa moto, kwani hupikwa sana na nguruwe, na samgyeopsal ni tumbo la nguruwe lenyewe. Mbavu wanazoziita galbi mara nyingi ni za ng'ombe, ila zipo za nguruwe pia, kwa hiyo aulize ni nyama gani na kama ni ya halali, na mchuzi wa kuilowekea nao wakati mwingine hutiwa pombe. Amwambie mama mwenye nyumba siku ya kwanza, kabla ya chakula cha kwanza. Akishamwandalia sahani, kukataa ni kazi ngumu.