Canterbury haituletei askofu
Hapana ndugu unayesema askofu wetu huletwa kutoka Uingereza, askofu wa Kianglikana wa Tanga hateuliwi huko. Anachaguliwa hapahapa nchini na kuwekwa wakfu na maaskofu wenzake. Askofu Mkuu wa Canterbury, kiongozi wa Kanisa la Uingereza, anaheshimiwa tu, hana amri juu ya Kanisa Anglikana Tanzania. Wala askofu hajiamulii kila kitu, kuna sinodi, yaani mkutano wa dayosisi ambapo mapadri na walei (waumini wa kawaida) wanakaa pamoja naye. Nimekaa baraza la kanisa Muheza, wajumbe wa sinodi hutoka kwenye mitaa (parokia) yetu. Kinachowachanganya wengi ni vyeo viwili vya Askofu Maimbo Mndolwa: mwaka 2018 alichaguliwa kuwa Askofu Mkuu wa Tanzania huku akibaki askofu wa Dayosisi ya Tanga. Na kanisa kuu la dayosisi liko Korogwe, si Tanga mjini.