Mtarakwa usiuweke ndani ya kabati la siga

Kaka, umeuliza kama mtarakwa unafaa kwa bitana ya kabati lako la siga, kwa kuwa nao huitwa mwerezi. Hapana. Harufu yake, ile ya penseli iliyochongwa, itaingia kwenye tumbaku. Mwerezi unaosifiwa ni Cedrela odorata wa Amerika ya Kati na Kusini. Kwetu ulipandwa, na msitu wa Kimboza, Morogoro, umevamiwa nao hadi kuwa kero! Ulizia kwa wauza mbao.

Nje tumia mninga, piga vanishi upendavyo. Ndani piga msasa tu. Ubao wa nyuma ukae kwenye mfereji bila gundi, maana utavimba na kusinyaa. Unyevu wa hewa ndani ya kabati uwe asilimia 65 hadi 70. Hapo Dar hewa mara nyingi huzidi hapo, kwa hiyo usifanye ubahili wa raba ya mlango; mlango ufunge kabisa.